Kuchagua Wachache kwa Haki, na Kuzipanga Hesabu Zao

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Chake Chake)



Tumetakiwa kusema juu ya kazi ambayo makarani wengi huifanya bila ya kuipa jina, nayo ni kuchagua wachache ili kuwajua wengi, kisha kuzipanga hesabu zilizopatikana hata mkubwa wa idara aweze kuzisoma kwa mtazamo mmoja.

Hapa Pemba jambo hili si geni. Mnunuzi wa karafuu hamwagi gunia zima. Hulichoma bambo, akatoa punje chache, akatazama ukavu wake na makonyo yaliyochanganyika, na kwa punje hizo daraja la gunia zima likaamuliwa. Basi bambo likichomwa mdomoni mwa gunia tu, na karafuu nzuri zimewekwa juu, mnunuzi amedhulumiwa. Na ikiwa za juu zimepata unyevu njiani, hali za chini ni kavu, aliyedhulumiwa ni mkulima aliyezianika juani siku kadhaa. Bambo halina kosa. Kosa ni la mahali lilipochomwa.

Na watu kadhalika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 katika Pemba, na ile ya 2012 ilihesabu 406,848. Lakini sensa ni kazi ya miaka kumi. Katikati yake idara hutaka habari za maji, skuli au maradhi, ndipo karani hutumwa achague nyumba chache. Karani mvivu (nasi sote twamjua) huchagua zilizo kando ya barabara ya lami, akarudi kabla ya adhuhuri. Watu wa visiwa vidogo kama Fundo na Makoongwe, ambako huendwa kwa chombo, hawamo katika karatasi yake. Na asiyemo katika karatasi, kisima chake hakichimbwi.

Njia ya haki ni kura. Nyumba zote za shehia ziandikwe kwa nambari, kisha nambari zitolewe pasipo kuchaguliwa na jicho la mtu, hata kila nyumba iwe na bahati sawa na nyingine. Yuko apendaye kuchukua kila wa kumi. Ni njia nyepesi, ila shamba lililopandwa kwa mistari ya mikarafuu kumi kumi litamletea mti wa ukingoni kila mara, ambao hupata jua na upepo kuliko wenziwe.

Tena, mahali penye mafungu yasiyofanana, yapasa kuyatenga kwanza na kupiga kura ndani ya kila fungu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ya Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Mtu ambaye baada ya hapo angalipima mashamba ya Unguja peke yake, akaandika habari za karafuu za Zanzibar, angaliandika uwongo kwa hesabu sahihi.

Sasa hesabu zimekuja. Tufanye mfano tu, wa mikarafuu 40 iliyochaguliwa kwa kura, na pishi za karafuu mbichi zilizochumwa katika kila mti. Kwa kila mti piga kijiti kimoja mbele ya fungu lake, na kijiti cha tano kivuke vinne vilivyotangulia. Ukimaliza, hesabu vijiti:

Pishi 0 hadi 4: miti 6
Pishi 5 hadi 9: miti 13
Pishi 10 hadi 14: miti 12
Pishi 15 hadi 19: miti 7
Pishi 20 hadi 24: miti 2
Jumla: miti 40

Mwenye shamba aliyekuwa akijisifu kwa ile miti miwili ataona sasa kwamba 19, karibu nusu, haikufika pishi kumi, naye ataajiri wachumaji kwa kadiri hiyo. Angalieni pia mipaka. Ukiandika "5 hadi 10" kisha "10 hadi 15", mti wa pishi kumi utakuwa na nyumba mbili, na makarani wawili watauweka mahali mbalimbali.

Na mti usiozaa uandikwe sifuri, usirukwe. Kadhalika nyumba iliyokutwa imefungwa: karani asiingie ya jirani kwa kuwa mlango wake u wazi, maana wanaokutwa nyumbani asubuhi si wale walioko shambani au baharini. Arudi jioni, na asipowakuta tena, aandike kwamba hawakukutwa, na idadi yao iwekwe chini ya jedwali, mbele ya sahihi yake.