Wazee wa Kisomo na Nafasi Zao za Kujifunza Leo

(Mada kwa semina ya wawezeshaji wa elimu ya watu wazima)



Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Tukipanga madarasa yao huwa tunawachukulia kama watu ambao hawajawahi kushika kalamu. Hapo ndipo ninapotofautiana na mipango mingi niliyoisoma. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, sasa amevuka 70. Wengi wa rika lake wamepita kwenye kisomo. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Upimaji wa 1986 ulionesha kuwa wasiojua kusoma wameshuka hadi chini ya asilimia 10. Baadaye fedha zikakauka, vitabu havikufika tena vijijini, na aliyekosa cha kusoma akasahau. Tunaye mwanafunzi wa zamani aliyeachwa njiani.

Basi tumrudishe wapi? Jibu la haraka ni darasani, na mfano unaotajwa kila mara ni mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, tena kwa sare na soksi ndefu. Namvulia kofia. Lakini ushujaa wa mtu mmoja hauwezi kuwa mpango wa halmashauri, na wazee wengi hawatakubali kukaa dawati moja na vitukuu.

Tunayo njia yetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliendeshwa kwa wiki 12 na kufikia watu wapatao milioni 2. Kikundi kilikusanyika kwenye redio moja, kikasikiliza kipindi, kiongozi akasoma sehemu ya kitabu kwa sauti, kisha wakajadili: mbu wanazaliana wapi hapa kwetu? Choo cha nani hakijachimbwa? Hawakuondoka bila kukubaliana kazi ya kufanya. Mitihani haikuwepo, ila vyoo vilichimbwa.

Jambo la vikundi vya namna hiyo kujadili leo halitafutwi mbali. Mzee anatoka kliniki ya shinikizo la damu na vibahasha vitatu vya dawa, kimoja kimeandikwa 1x3, kingine 2x1. Muuguzi alimweleza, lakini kulikuwa na foleni, na akifika nyumbani hakumbuki kipi ni kipi. Somo la kwanza la kikundi liwe hilo: kila mmoja aje na vibahasha vyake, visomwe, vipangwe vya asubuhi, vya mchana na vya jioni. Somo la pili ni simu. Wazee wengi humpa wakala au mjukuu namba ya siri, maana hawawezi kuusoma ujumbe wa muamala na kuona salio. Halafu unaingia ule ujumbe wa matapeli tunaoufahamu sote, “ile hela itume kwenye namba hii”, naye kweli alikuwa anatarajia kumtumia mtu. Kusoma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha ni kisomo kamili, tena mzee atakifanyia mazoezi kila wiki bila kusukumwa.

Sasa vitu vidogo vinavyoua vikundi. Mzee akisema “kichwa changu hakishiki tena”, kwanza mpe miwani ya kusomea ajaribu. Mara nyingi tatizo liko machoni. Herufi ziwe kubwa, viti viwe na migongo, choo kiwe karibu, na kikundi kikutane mchana kwenye mwanga, siyo usiku kwa taa hafifu. Wakati wa palizi kikundi kipumzike bila lawama.

Linabaki suala la posho ya mwezeshaji, ambalo kila semina tunalisukuma mbele. Pendekezo langu ni kwamba mwezeshaji atoke humohumo kikundini, mzee ambaye bado anasoma vizuri, na halmashauri iweke kwenye bajeti posho yake pamoja na miwani. Vikundi vianze katika kata zenye kliniki, kwa kuwa siku ya kliniki wazee wamekwisha kukusanyika. Naomba tujadili kama maofisa afya watakubali kutuachia chumba kwa saa moja.