Kuzibua Mfereji wa Zamani: Huduma ya Dayosisi kwa Usharika Uliochoka

(Hotuba iliyotolewa katika kongamano la kuadhimisha miaka mia moja ya usharika)



Nimeombwa nizungumzie kazi ya Idara ya Misioni na Uinjilisti katika kuzisaidia sharika zilizolegea zipate kusimama tena. Nadhani Kamati ya Jubilei ilinichagua kwa sababu mbili. Kwanza, nilihudumu katika idara hiyo kwa miaka kadhaa. Pili, wazee wa hapa wanakumbuka ya kuwa nilipotumwa kwenu mara ya kwanza nilikosea, nao wameona ni vema mkosaji mwenyewe asimulie angali hai.

Tuanzie mbali kidogo. Wamisionari wa Leipzig walifika katika mlima huu mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, walilazimishwa kuondoka. Nyuma yao hapakubaki mchungaji hata mmoja mzalendo, kwa maana wachungaji wa kwanza wa hapa mlimani walibarikiwa katika miaka ya 1930. Waliobaki ni walimu wa shule za vijijini na wazee. Hao ndio waliofundisha, waliozika wafu na kuwakusanya watu siku ya Bwana. Usharika tunaoushangilia leo ulichipuka katika miaka hiyo ya ukiwa. Haukuzaliwa wakati wa neema nyingi, bali wakati ambapo mtu wa busara angesema kazi imekwisha.

Ndipo msaada ukaja. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 Walutheri wa Marekani, wakiwamo wa Sinodi ya Augustana, walituma watu wao kuja kushika mikono iliyochoka. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925, ndugu wa Augustana waliwaachia kazi, wakaelekea Iramba na Singida. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939 mambo yakajirudia: Wajerumani waliwekwa kizuizini, na Walutheri wa Marekani wakasaidia tena. Hatimaye, tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja, KKKT, na mwana wa mlima huu, Askofu Stefano Moshi, akawa Mkuu wake wa kwanza. Kanisa lililosaidiwa mara mbili lilipata mamlaka na wajibu wa kusaidia wengine.

Nasimulia haya kwa sababu moja. Wale waliokuja kusaidia hawakukuta magofu. Walikuta watu wanaosali. Msaidizi anayefahamu hilo hujenga. Asiyelifahamu hubomoa, hata kama mikono yake imejaa zawadi.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 11 twamsoma Barnaba. Kanisa la Yerusalemu lilisikia habari za waumini wapya wa Antiokia, likamtuma akaangalie. Barnaba alitoka makao makuu, nasi twajua mtu wa makao makuu anavyoweza kuingia: kalamu mkononi, macho yakitafuta kasoro. Lakini Luka anatueleza kwamba jambo la kwanza aliloliona Barnaba ni neema ya Mungu, naye akafurahi. Ndipo akawatia moyo, na ndipo akaenda Tarso kumtafuta Sauli aje asaidie. Utaratibu ni huo: kuiona neema kwanza, kutia moyo pili, kutafuta mtenda kazi tatu. Mimi nilikuja kwenu nikiwa nimeugeuza utaratibu huo.

Ilikuwa katika miaka ya 1990. Ninyi wenye mvi mnaikumbuka hali. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, na bei ikaporomoka. Kahawa iliyosomesha watoto na kuezeka makanisa haikutosha tena kununua hata dawa ya mibuni. Watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya na ndizi. Vijana wakateremka tambarare, wengine wakaenda Arusha na Dar es Salaam. Usharika huu ukalegea. Mshahara wa mchungaji ulicheleweshwa, mchango wa Dayosisi haukupelekwa, na kwaya ikabaki na sauti za akina mama watupu.

Nikatumwa. Nilikuwa kijana niliyehitimu Makumira si muda mrefu uliopita, mwenye imani kubwa katika takwimu. Nilisali nanyi Jumapili moja. Waumini hawakujaza hata mabenchi manne. Nikakagua vitabu vya mhazini, nikashuka Moshi siku iyo hiyo, na juma lile nikaandika taarifa nikipendekeza usharika huu urudishwe kuwa mtaa na mchungaji wake ahamishwe. Taarifa ilikuwa na hesabu sahihi. Ukweli haukuwamo.

Namshukuru Mungu kwa mkubwa wangu wa kazi. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza, "Umelala nyumba ngapi?" Nikajibu sikulala hata moja. Akasema, "Basi rudi ukalale. Taarifa hii nitaisoma baada ya wiki mbili."

Nikarudi, nikalala katika nyumba zenu. Usiku wa nne nilikuwa kwa mama mmoja mjane. Nasimulia habari zake kwa ruhusa ya watoto wake, ambao wamo katika ukumbi huu. Baada ya chakula nilimwuliza, "Mama, mbona hatukuoni kanisani?" Alikaa kimya kitambo, akasema, "Baba Mchungaji, mimi nasali kila siku. Kanisani naogopa kusomwa."

Sikuelewa. Akanieleza. Katika miaka ile ya shida Baraza la Wazee, kwa nia ya kuokoa hazina, liliamua kwamba kila mwisho wa mwezi majina ya wenye deni la bahasha yasomwe mbele ya madhabahu. Mume wake alisomwa mara tatu, kisha akaugua. Alipofariki alizikwa bila mchungaji na bila kengele ya kanisa kupigwa, kwa sababu ya deni la mibuni isiyozaa. "Tangu siku hiyo," alisema, "nikiisikia kengele ile nakumbuka kwamba haikumlilia mume wangu."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeyahesabu mabenchi matupu, lakini sikuuliza ni nani aliyeyafanya matupu. Nilidhani ni kahawa. Kahawa ilileta umaskini, lakini watu wetu walikwisha kuwa maskini zamani na wakasali. Kilichofunga mlango ni aibu. Katika nyumba nilizozipitia baadaye niliisikia habari hiyo kwa namna nyingi.

Wazee mlioshiriki uamuzi ule, nami mliyenipokea kwa upole nilipowaletea neno hilo, nataka kizazi hiki kijue mlichokifanya. Hamkujitetea. Mlikwenda nyumbani kwa yule mama, wazee wote wa Baraza, mkiwa mmevaa makoti yenu ya Jumapili, mkaomba radhi. Jumapili iliyofuata mchungaji aliongoza ibada ya kumkumbuka marehemu kaburini kwake, na kengele ikapigwa. Mimi naihesabu siku ile kuwa siku ya kuzaliwa kwenu mara ya pili.

Baada ya hapo Idara iliweza kusaidia. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Bahasha ziliendelea, maana Kanisa haliishi kwa hewa, lakini majina hayakusomwa tena. Jumla peke yake ndiyo iliyotangazwa, na mwenye shida alimwona mzee wa mtaa wake kwa faragha. Wazee walikwenda nyumba kwa nyumba, wawili wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa usharika jirani, nao walikatazwa kutaja sadaka. Walitumwa kusikiliza na kuomba pamoja na wenyeji. Jumuiya za majirani zilifufuliwa. Hilo nalo si jambo geni. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi kwa miaka mingi hadi 1938, aliona kwamba ukoo, ujirani na rika ndivyo vilivyowafunga Wachagga pamoja, naye akajitahidi kuupanga usharika juu ya vifungo hivyo badala ya kuvikata. Sisi tulirudia njia ya wazee wetu.

Sharika za jimbo hili nazo zilichanga kuwalipa mwinjilisti: mwaka wa kwanza mshahara wote, mwaka wa pili nusu, mwaka wa tatu hakuna. Wapo waliosema ni ukatili kupunguza. Lakini msaada usio na mwisho humfanya ndugu kuwa ombaomba, na msaada unaokatwa ghafula humwangusha. Mwaka wa tatu mlimlipa mwinjilisti wenu ninyi wenyewe, kwa mnada wa ndizi, mayai na maziwa baada ya ibada. Nilikuwapo. Mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa na kurudishwa mezani mara tano, kila mnunuzi akiutoa upya kuwa sadaka.

Haitakuwa haki nikisema kila usharika tuliousaidia ulisimama. Ipo iliyobaki dhaifu. Tulipopeleka fedha kabla ya kusikiliza, fedha zilileta ugomvi. Tulipohamisha mchungaji bila kugusa jeraha, jeraha lilimngojea mchungaji mpya. Ofisi ya juu inaweza kutuma mtu na kusimamia haki. Toba haiwezi kuitoa kwa niaba ya usharika.

Wazee wetu walikuwa na mifereji ya kumwagilia vihamba, ile tuiitayo mifongo. Maji yakikoma kufika chini, hawakusema mto umekufa. Mzee wa mfongo alipiga mbiu, watu wakapanda na majembe, wakaufuata mfereji hatua kwa hatua hadi mahali ulipozibwa na majani au ukingo uliobomoka. Wakazibua, na maji yaleyale yakateremka. Huduma ya Dayosisi kwa usharika uliochoka ni ya mpiga mbiu. Hana maji yake mwenyewe mfukoni. Anawaita wenye mfereji wapande pamoja naye, kwa kuwa chemchemi ingali inatoka.

Sasa nimalizie kwa neno ambalo huenda halikutarajiwa katika sherehe. Sura ileile ya Matendo inamalizika kwa njaa. Nabii Agabo alitangaza njaa kuu, na wanafunzi wa Antiokia wakaazimu kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Kanisa lililopokea mjumbe sasa likatuma mjumbe, na Barnaba yuleyule ndiye aliyeubeba mchango pamoja na Sauli. Hapo ndipo tunapojua ya kuwa Antiokia imekomaa.

Kamati imenionyesha makisio ya mwaka wa Jubilei. Kuna fungu la kujenga mnara mpya wa kengele. Nimeona pia fungu la mwinjilisti wa mtaa mpya wa tambarare, ambako wajukuu wenu waliohama wanasali chini ya turubai, na mbele ya fungu hilo hapakuandikwa kitu. Najua halmashauri itakutana kulijadili. Mimi ni mgeni, na mgeni hapangi chakula cha mwenyeji. Naomba tu ruhusa ya kukumbusha kwamba kengele ya zamani ingali inalia vizuri, na kwamba mama yule, kabla hajafariki, aliisikia kwa furaha miaka mingi. Sauti yake ilibadilika masikioni mwake siku watu walipokwenda kumtafuta.

Kule tambarare hawana kengele kabisa. Wanangoja mtu.

Mungu, aliyewalinda miaka mia moja kwa mikono ya walimu wasio na cheo, wageni wa mbali, wazee wanyenyekevu na akina mama wenye kusali, awape moyo wa kutuma kama mlivyotumiwa. Nawatakia Jubilei njema. Amina.