Kapsuli za Jino na Usugu Unaobaki Kinywani

Mtu aliyekesha ameshika shavu kwa jino lililotoboka huingia duka la dawa alfajiri, akatoka na bahasha ya amoksilini, pengine na metronidazo juu yake. Hoja ya mada hii ni kwamba dozi hiyo mara nyingi haimfikii anayelengwa, bali huwaangukia wasiohusika, na hao ndio watunzaji wa usugu. Tukitaja usugu wa vimelea dhidi ya dawa, mawazo hukimbilia vidonda vya wodini, mkojo na kifua kikuu. Kinywa tumekisahau, ilhali katika vinywa vya binadamu zimetambuliwa spishi zipatazo 700 za bakteria, nyingi zikiishi zimeshonana ndani ya ukoga, ule utando unaokwanguka kwa ukucha mtu akiamka.

Tuanze na jino lenyewe. Kiini chake kimezungukwa na kuta ngumu, hivyo kikivimba hakina pa kutanukia. Shinikizo hupanda na damu hupita kwa shida. Dawa ya kumeza husafiri na damu, hivyo nayo hukifikia kiini kwa shida. Tena maumivu ya hatua hii hutokana zaidi na uvimbe wa kiini kuliko na maambukizi yaliyosambaa. Atakayesema, "Mbona mimi nilimeza nikapona?" hasemi uongo: maumivu hutulia pia kiini kinapokufa, na sifa ikachukuliwa na kapsuli. Baada ya muda usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi, na mgonjwa hurudi dukani kuomba kapsuli zilezile.

Wakati huohuo, kwingineko kinywani, dawa imefanya kazi yake vizuri mno. Katika jaribio la Ubelgiji lililochapishwa mwaka 2007, watu 224 wenye afya njema walipewa antibayotiki ya azithromaisini au klarithromaisini, au vidonge visivyo na dawa. Waliomeza dawa walionyesha ongezeko kubwa la bakteria sugu aina ya streptokoki kooni ndani ya siku chache, na tofauti hiyo ilionekana hata baada ya siku 180. Siku chache za vidonge, nusu mwaka wa usugu, na hao hawakuwa wagonjwa.

Kuna watakaouliza: streptokoki hao si ni wakazi wa kawaida, wasiomdhuru mtu? Kweli, kwa kawaida. Lakini jirani yao kooni ni Streptococcus pneumoniae, msababishi wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, mwenye tabia ya kuokota vinasaba vya bakteria waliokufa na kuvifanya vyake. Tabia hiyo ya kubadilika iligunduliwa London na Frederick Griffith mwaka 1928, kabla haijajulikana kuwa kinachookotwa ni DNA. Vipande vya jeni vinavyompa uwezo wa kuistahimili penisilini vimeonekana kufanana na vya Streptococcus mitis, mkazi mpole wa kinywa. Upole wa mkopeshaji hauzuii mkopo kutumika vibaya. Na wito wa kumaliza dozi hautuokoi hapa, kwani asiyehitaji dawa akiimaliza amewachuja bakteria wake kwa siku zaidi.

Pingamizi zito ni la umbali: daktari wa meno yuko wilayani, nauli haipo, muuza dawa afanyeje? Haki ya mgonjwa kutulizwa haina mjadala. Ila mwongozo wa mwaka 2019 wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani unashauri kwamba mtu mzima mwenye kinga imara na kiini kilichovimba asipewe antibayotiki hata kama matibabu ya jino hayapatikani papo hapo. Hupewa dawa za maumivu. Kwa jipu lililokwisha kujitokeza na hakuna wa kulitibu haraka, amoksilini inaruhusiwa. Basi muuza dawa anapaswa kuuliza kabla ya kufungua kopo: je, shavu limevimba, kuna homa, mdomo unafunguka, mate yanamezeka? Jino linalovuta tu kwa maji baridi, bila dalili hizo, lingepewa ibuprofeni na parasetamoli, kwa asiyezuiwa kuzitumia, pamoja na siku ya kwenda kuzibwa au kung'olewa. Uvimbe unaoshuka shingoni, au mdomo usiofunguka, si wa dukani kabisa. Huyo atafutiwe usafiri siku hiyohiyo.