Saa ya Mukono na Nguvu ya Moyo: Kila Mutu na Miaka Yake



Leo tunataka kusema nanyi juu ya saa za mukono ambazo zinapima mwili. Zamani saa ilionyesha saa tu. Sasa kuna saa inayohesabu hatua, inayosikiliza mapigo ya moyo, na kisha siku kadhaa inatoa hesabu moja: nguvu ya moyo na mapafu. Zingine zinaletwa na wandugu wanaotoka Bruxelles ao Paris, zingine zinauzwa sokoni. Na zikifika nyumbani, mashindano yanaanza.

Tuchukue mufano. Baba ana miaka 56, na saa inamupa 35. Mutoto wake mwanaume ana miaka 24, na saa inamupa 43. Baba anasema: “Mimi nimekwisha.” Kijana anacheka, anasema: “Mimi ni muzima kabisa, munganga atanifanyia nini?” Ni nani kati yao anasema kweli? Musikilize mupaka mwisho, nyinyi wenyewe mutajibu.

1. HESABU HII NI YA NINI?

Ukipanda mulima ao ukilima, misuli ya mwili inaomba oksijeni, ni kusema ile sehemu ya hewa inayotupa uzima. Mapafu yanaivuta, damu inaibeba, moyo unasukuma damu kama pompi. Hesabu ya saa inataka kuonyesha ni mililita ngapi za oksijeni mwili unaweza kutumia kwa dakika moja, kwa kila kilo ya uzito wako, wakati unafanya nguvu yako yote. Watu wa sayansi wawili, A. V. Hill na Hartley Lupton, walieleza jambo hili kule Uingereza mwaka 1923.

Kuipima kweli ni kazi. Mutu anakimbia juu ya mashini mupaka anachoka kabisa, na hewa yake yote inapita ndani ya kifuniko kilichofungwa kinywani. Saa haifanyi hivyo. Saa inakisia tu. Inaangalia mwendo wako na mapigo ya moyo wako. Ukitembea mbio na moyo unapiga polepole, inakupa hesabu kubwa. Ukitembea polepole na moyo unapiga mbio, inakupa hesabu ndogo. Kwa hiyo inaweza kukosa kwa alama tano, hata zaidi. Mutu wa 38 na mutu wa 40, musibishane: huenda wako sawa.

2. KWA NINI MIAKA INAISHUSHA?

Moyo wa muzee hauwezi kupiga mbio kama moyo wa kijana. Kuna kanuni ya kukisia mapigo ya juu kabisa: chukua 208, toa miaka yako mara 0.7. Mutu wa miaka 20 anapata mapigo 194 kwa dakika. Mutu wa miaka 60 anapata 166. Pompi ikipiga mara chache, oksijeni inayofika ni kidogo. Tena misuli inapunguka na mafuta ya mwili yanaongezeka. Mutu asiyefanya mazoezi anaweza kupoteza karibu sehemu moja ya kumi kila miaka kumi, kuanzia miaka ya 30. Anayefanya mazoezi anapoteza polepole zaidi.

Muangalie hesabu hizi. Zilitolewa Marekani mwaka 2015, kwa watu waliopimwa kweli juu ya mashini. Ni hesabu ya katikati: nusu ya watu walikuwa juu yake, nusu chini yake.

Miaka 20 mupaka 29: wanaume 48, wanawake 38
Miaka 30 mupaka 39: wanaume 42, wanawake 30
Miaka 40 mupaka 49: wanaume 38, wanawake 27
Miaka 50 mupaka 59: wanaume 33, wanawake 23
Miaka 60 mupaka 69: wanaume 28, wanawake 20
Miaka 70 mupaka 79: wanaume 24, wanawake 18

Sasa murudi kwa baba na kijana wake. Baba wa miaka 56 ana 35. Katikati ya wenzake ni 33. Amewapita. Kijana ana 43. Katikati ya wenzake ni 48. Yuko nyuma yao. Yule aliyelia hakuwa na sababu ya kulia, na yule aliyecheka hakuwa na sababu ya kucheka.

Ni vile vile kwa bwana na bibi. Bibi wa miaka 35 mwenye 31 asione haya mbele ya bwana wake wa miaka 35 mwenye 40. Bibi amewapita wenzake, bwana hajawafikia wake. Mwili wa mwanamuke kwa kawaida una moyo mudogo kidogo, na damu yake ina kidogo ile kitu nyekundu inayobeba oksijeni. Siyo uvivu.

Hesabu hizi ni za watu wa Marekani, siyo sheria ya watu wa Bukavu ao Kisangani. Zinatufundisha jambo moja tu: hesabu bila miaka ni kama bei bila jina la kitu.

3. LAKINI MUSIWEKE KOSA LOTE JUU YA MIAKA

Mwaka 1966, katika muji wa Dallas, Marekani, wanganga walilaza vijana watano wazima kitandani kwa majuma matatu. Walikuwa na miaka kama 20. Wakapimwa mbele na nyuma. Kisha miaka 30, mwaka 1996, watu wale wale watano wakapimwa tena. Musikie ajabu: majuma matatu ya kulala yaliwashusha zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Halafu wakafanya mazoezi kwa miezi sita, kutembea, kukimbia polepole na kupanda baiskeli, na nguvu yao ikarudi kama ilivyokuwa mbele ya kulazwa kule.

Tena kulikuwa Mufaransa mumoja, Robert Marchand, aliyezaliwa mwaka 1911, mupanda baiskeli. Alipokuwa na miaka 101 alipimwa, akapata 31. Akafanya mazoezi miaka miwili kwa mupango mupya. Alipokuwa na miaka 103, akapata 35. Ni 35 ile ile ya baba yetu wa miaka 56! Kwa baba ni vizuri. Kwa muzee wa miaka 103 ni ajabu kubwa. Hesabu moja, maana mbili.

Basi muzee asiseme “miaka imenimaliza” na kukaa kwenye kiti siku yote. Kiti nacho kinamaliza watu.

4. SAA INADANGANYIKA NAMNA GANI?

Saa haioni muzigo. Mama anatoka shambani na muhogo mugongoni, ao bidoni ya litri 20 kichwani. Anatembea polepole, moyo unapiga mbio. Saa inafikiri: “Huyu ni muzaifu.” Kumbe ni mwenye nguvu kuliko wote nyumbani! Ni vile vile kwa kijana anayesukuma chukudu kule Goma. Ukitaka saa ikupime sawasawa, tembea mikono mitupu, njia ya sawa, mwendo wa haraka, dakika 20 hivi.

Saa haijui nani ameivaa. Mukubwa wako wa Ulaya alikupa saa yake. Ndani yake bado kuna miaka yake 30 na kilo zake 70. Wewe una miaka 55 na kilo 82. Saa inakupima kama yeye, na inakuweka katika kundi la watu wa miaka 30. Badilisha kwanza miaka, uzito, urefu, na mwanaume ao mwanamuke.

Saa haijui dawa. Dawa zingine za tansio, kama atenolol na propranolol, zinazuia moyo kupiga mbio. Saa inaweza kukupa hesabu kubwa isiyo ya kweli. Usiache dawa kwa sababu ya saa! Dawa inalinda maisha yako, hesabu hailindi kitu.

Na pahali panabadilisha. Bukavu iko juu karibu metre 1500, Kisangani iko chini karibu metre 400. Hewa, joto na milima si sawa. Ukisafiri, usishangae hesabu ikibadilika kidogo.

5. HATARI TUNAYOTAKA MUIONE

Hapa ndipo pahali pa maana kuliko yote.

Kijana alikuwa na 48. Kisha miezi miwili ana 41. Anaangalia baba yake: 35. Anasema: “Bado ninamushinda.” Anaendelea kunyamaza. Lakini amepoteza alama saba kwa miezi miwili, na hiyo siyo kazi ya miaka! Miaka inaiba polepole sana. Kitu kinachoiba mbio namna hii ni kingine. Ukijipima na muzee, ugonjwa wako unajificha nyuma ya mugongo wake.

Mara nyingi kwetu kitu hicho ni upungufu wa damu. Malaria inaharibu damu. Minyoo inainyonya. Mama anayepoteza damu nyingi kila mwezi, ao mwenye mimba, ao asiyepata chakula kizuri, damu yake inapunguka. Damu ikiwa kidogo, oksijeni haina mubebaji, na moyo unapiga mbio ili kusaidia. Saa inaona mbio hiyo na hesabu inashuka. Sababu zingine ni ugonjwa wa moyo, kifua kikuu, ao siku nyingi za kulala kitandani.

Basi ufanye hivi: angalia kiganja cha mukono na ndani ya kope la jicho. Vimekuwa vyeupe? Unachoka upesi? Kichwa kinazunguka ukisimama? Kuja kwenye kituo cha afya, damu ipimwe. Ukiwa na homa, usiende kukimbia ili kupandisha hesabu. Ponya homa kwanza.

Na dalili hizi zisingojee saa hata siku moja: maumivu ya kifua wakati wa kazi, kuzimia, kukosa pumzi ukilala, miguu yote miwili kuvimba. Hata kama saa inaonyesha 50, kuja lopitali.

6. TUFANYE NINI BASI?

Tembea haraka dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma. Kipimo hakina feza: unaweza kusema na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Anayelima, anayechota maji mbali, tayari anafanya kazi hii. Yeye anahitaji chakula na pumziko zaidi kuliko mbio. Anayekaa biroo ao dukani siku yote, huyu ndiye tunamwambia: simama! Mwenye ugonjwa wa moyo, tansio ya juu ao mimba aulize munganga kwanza, kisha aanze polepole.

Usiye na saa, usihuzunike. Chagua kilima kimoja karibu na kwako. Kipande mara moja kwa mwezi, na mwendo ule ule. Mwezi huu ulisimama mara tatu kutafuta pumzi, mwezi ujao mara moja: unaendelea vizuri. Zamani hukusimama, sasa unasimama mara tatu: kuja tukuangalie.

KUMBUKA

1. Hesabu ya saa ni ya kukisia. Alama mbili ao tatu si kitu.
2. Usijipime na mutoto wako, wala na baba yako. Jipime na watu wa miaka yako, na zaidi jipime na wewe mwenyewe wa miezi iliyopita.
3. Muzee mwenye hesabu ndogo anaweza kuwa muzima. Kijana mwenye hesabu kubwa anaweza kuwa mugonjwa.
4. Hesabu ikishuka mbio na mwili umechoka, tafuta sababu: pimisha damu.
5. Mwili ukilia, sikiliza mwili, siyo saa.

Musomee na wale wa nyumbani wasiojua kusoma. Mubaki na afya njema.