Tuwakumbuke Waliotutungia Nyimbo

(Maneno yaliyosemwa na mwalimu wa zamani wa korali, mbele ya wakristu na wageni, siku ya jubilei ya parokia)



Kamati ya jubilei imenipa kazi ya kuwaeleza habari za watungaji wakubwa wa nyimbo. Nimeipokea kwa furaha na kwa hofu pia. Furaha, kwa sababu nimeimba katika kanisa hili tangu utoto wangu. Hofu, kwa sababu nina deni, nami sitaondoka mbele yenu bila kulitaja.

Nianze na mtu wa mbali. Johann Sebastian Bach alizaliwa mwaka 1685 katika mji wa Eisenach, nchi ya Ujerumani. Hakuwa mkatoliki, alikuwa wa kanisa la Luther. Lakini leo vinanda vya makanisa yetu vinapiga nyimbo zake kama vya kwao. Alipofika umri wa miaka kumi alikuwa yatima wa baba na mama, akalelewa na kaka yake mkubwa, aliyekuwa mpiga kinanda. Inasimuliwa kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha noti alichokifungia kabatini. Mtoto alikitoa usiku kwa siri, akakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi kwa muda wa miezi sita. Kaka alipovumbua jambo hilo, akamnyang'anya zile karatasi zote. Wanakorali, ninyi mnaolalamika kwamba kunakili noti kunachosha mkono, mkumbukeni mtoto yule!

Mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa huko Arnstadt. Akaomba ruhusa ya majuma manne, akatembea kwa miguu zaidi ya kilometa 400 mpaka Lübeck, apate kumsikiliza bwana mkubwa wa kinanda jina lake Buxtehude. Alirudi baada ya miezi karibu minne. Wakubwa wa kanisa walimkaripia sana, na mapadri waliopo hapa watasema walifanya vema. Lakini aliyoyasikia kule yalizaa matunda maisha yake yote.

Tangu 1723 mpaka kufa kwake mwaka 1750, alikuwa mwalimu wa nyimbo huko Leipzig. Msidhani alikaa kama bwana. Aliwafundisha watoto wa shule, aliongoza kuimba makanisani, na katika miaka ya kwanza alitunga wimbo mpya mrefu karibu kila Dominika. Wakubwa wa mji walimlalamikia, naye aliwalalamikia. Alizaa watoto 20, akazika 10 kabla hawajawa watu wazima. Na mwisho wa kazi zake nyingi aliandika herufi tatu za maneno ya kilatini, maana yake: Utukufu kwa Mungu peke yake.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo linapoanza neno langu la leo. Bach alipokufa, karatasi zake ziligawanywa kati ya mke wake na watoto wake. Mwana mmoja, Carl Philipp Emanuel, alitunza fungu lake kama mtu atunzavyo mbegu. Mwana wa kwanza, Wilhelm Friedemann, alipatwa na shida za maisha, akauza, na karatasi nyingi za fungu lake zikapotea. Mjane Anna Magdalena, aliyenakili kazi nyingi za mume wake kwa mkono wake mwenyewe, alikufa mwaka 1760 akiishi kwa sadaka za watu. Zile nyimbo za Dominika zilizobaki ni karibu 200. Nyingi nyingine hakuna atakayezisikia tena mpaka mbinguni. Na zile zilizobaki, nyingi zilisahauliwa kwa miaka mingi. Wimbo mkubwa wa Mateso kadiri ya Mtakatifu Mateo ulisikika tena mbele ya watu wengi tarehe 11 mwezi wa tatu 1829 huko Berlin, ukiongozwa na kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn. Na alizipata wapi noti? Bibi yake mzaa mama alimpa nakala iliyoandikwa kwa mkono.

Basi mtungaji mkubwa aliokolewa na watu wadogo: mwana mwaminifu, na bibi mmoja aliyeona kwamba karatasi kuukuu ni zawadi inayomfaa mjukuu.

Ndugu wapenzi, tutoke Ujerumani turudi kwetu. Mwaka 1953 alifika Kamina, katika Katanga, padri mfransiskani kutoka Ubelgiji, jina lake Guido Haazen. Aliwasikia watoto na walimu wakiimba nyimbo za asili, naye hakuwanyamazisha. Aliwakusanya katika korali moja. Mwezi wa tatu 1958 waliimba huko Kamina ile inayoitwa Missa Luba. Maneno yalikuwa ya kilatini, kama sheria ya wakati ule ilivyodai. Lakini sauti, ngoma na kyondo vilikuwa vya nchi yetu. Mwaka uleule walisafiri Ulaya, wakaimba Bruxelles penye maonyesho makubwa ya dunia, na sahani ya muziki ikatolewa. Mwaka 1964 Gloria yao ilisikika hata katika sinema ya mwitalia Pasolini juu ya Injili ya Mtakatifu Mateo.

Misa ile iliimbwa kabla Mtaguso wa pili wa Vatikano haujatangaza, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1963, kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi inayoustahili katika ibada. Na miaka 30 ilipita tangu Misa ile ya Kamina mpaka Roma ilipokubali, mwaka 1988, utaratibu wa Misa kwa majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati huo. Watoto wa shule walitangulia kuimba, wakubwa wakaja kuandika.

Lakini nauliza: ni nani aliyetunga Missa Luba? Jina la Padri Haazen linajulikana, na anastahili shukrani. Watoto na walimu walitia sauti zao na akili zao. Na nyuma yao wako wale mababu na mama waliotunga kwanza nyimbo za kuagana, za kuomboleza na za kucheza, ambazo Misa ile ilizichota kama maji ya kisimani. Majina yao nani anayataja? Maji tunakunywa, aliyechimba kisima hatumjui.

Na sasa deni langu. Wazee waliopo hapa wanamkumbuka katekista wetu wa kwanza aliyetutungia nyimbo. Hakujua noti za kizungu. Aliandika maneno katika kaye za shule, na juu ya kila neno alitia alama zake mwenyewe, za kupanda na za kushuka. Alipofariki, mjane wake alinijia na sanduku la bati lenye kaye hizo, akaniambia: «Mwalimu, hii ndiyo shamba yake. Uilinde.» Niliitikia, nikaliweka sanduku katika chumba nyuma ya sakristia, nikasema nitazinakili likizo ikifika. Likizo zilifika, zikapita. Katika msimu mmoja wa mvua paa lilivuja. Nilipofungua sanduku nilikuta udongo wa mchwa na karatasi zilizoshikana kama ugali. Katika kaye nyingi ziliweza kusomeka kurasa chache tu.

Mama yule hakunigombeza. Aliketi mlangoni, akaanza kuimba, nami nikachukua kalamu. Siku ile aliniokolea nyimbo saba. Wimbo wa matoleo mliousikia asubuhi hii ni mmojawapo. Mama huyo ametangulia mbele ya Mungu, na nyimbo nyingine ameondoka nazo.

Wengine husema: Mtungaji wa nyimbo za Mungu asitafute jina. Ni kweli, yeye asitafute. Lakini sisi tuliopokea tunalazimika kumtaja. Bach alimpa Mungu utukufu wote, wala hakuacha kuandika jina lake juu ya kazi yake. Unyenyekevu ni wa mtungaji; uzembe ni wetu, tusiuite unyenyekevu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa jubilei hii. La kwanza: kila wimbo wa korali uandikwe pamoja na jina la mtungaji na mwaka, na nakala zake zikae mahali pawili, si katika sanduku moja. La pili: vijana wenye simu za kurekodi waende kwa wazee wetu kabla ya mvua ijayo, wakawasikilize kwa adabu. La tatu: siku ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 mwezi wa kumi na moja, tuwaombee watungaji wetu marehemu kwa majina, na tuwatembelee wajane wao, wala si kwa mikono mitupu.

Zile nyimbo saba nimezinakili mara mbili. Leo naweka kaye moja mikononi mwa Padri paroko, na nyingine mikononi mwa msichana mdogo kuliko wote katika korali. Mtoto wangu, sikupi sanduku. Ziimbe, na uwafundishe wengine.

Mungu awabariki wote.