Nani Ajenge Shule za Isangi?

Maneno tuliyosema mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji



Leo hatukuja kusifu mtu wala kutukana mtu. Tumekuja kuhesabu fedha pamoja nanyi. Ninyi mnaochimba dhahabu na almasi kule Banalia na Bafwasende, na ninyi mnaofanya kazi hapa Kisangani, wengi mna watoto mlioacha kwa bibi zao, kule chini ya mto. Isangi iko pale Lomami inapoingia katika mto Kongo, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Ni nchi ya msitu mkubwa. Magogo yanatoka msituni, yanafungwa, yanashuka na maji kwenda mbali. Na katika vijiji ambako magogo hayo yanatoka, yuko mtoto anayekaa juu ya kigogo ndani ya shule ya udongo na majani, daftari juu ya magoti. Mbao zimepita mbele ya mlango wake. Yeye hana benchi.

Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza neno la Katiba ya 2006, kanuni ya 43, kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure. Tulifurahi, na furaha ile ilikuwa ya haki. Watoto waliofukuzwa kwa sababu ya ada walirudi, na wengine wengi wakaja. Lakini kuta hazikuongezeka. Tena tuseme kweli: zamani, sehemu ya ile ada ya wazazi ndiyo iliyonunua chaki na kuziba paa linalovuja. Ada imeondoka, nani anaziba paa sasa?

Ukiuliza, utazungushwa. Desturi hii ni ya zamani. Tangu mapatano ya 1906 na Roma, wakubwa wa Ulaya waliachia misioni kazi ya shule. Mwaka 1974 serikali ikazichukua shule zote, na mwaka 1977 ikazirudisha mikononi mwa makanisa kwa mkataba. Basi mwenye kanisa anasema: shule ni ya serikali. Mtu wa serikali anasema: anayeiongoza ni kanisa. Na mvua haingoji wamalize kusemezana.

Wazazi wengi huenda kulia mbele ya msimamizi wa teritwari. Ndugu, huo si mlango wenye kisanduku. Kwa sheria ya Oktoba 2008, teritwari haina mfuko wa kujitegemea. Ni tawi tu la serikali ya juu. Wenye mfuko na bajeti yao ni mji, komini, sekta na sheferi. Katiba imeweka elimu ya msingi mikononi mwa jimbo, lakini imeandika pia kwamba katika mapato ya taifa, 40 kwa mia ni ya majimbo. Na katika fungu hilo la jimbo, sheria inazipa miji, komini, sekta na sheferi 40 kwa mia tena. Hesabuni pamoja nasi: katika kila franka 100, franka 40 ni za majimbo, na katika hizo 40, franka 16 ni za chini kabisa, karibu na kijiji chako. Franka 16! Nani kati yenu amewahi kuziona zikifika kamili? Kinshasa inatoa pungufu, jimbo nalo linakata lake, na kinachofika kijijini ni barua ya kuomba subira.

Tena msitu wenyewe una sheria yake, ya Agosti 2002. Inamlazimu mwenye kibali cha kukata miti atengeneze barabara, na atengeneze shule na hospitali na kuzipa vifaa. Amri ya 2010 ikaweka na kipimo: kwa kila mita moja ya ujazo ya mti, dola 2 mpaka 5 ziingie katika mfuko wa maendeleo wa wenyeji, kwa kadiri ya aina ya mti. Kwa hiyo mita 1,000 kwa dola 3 ni dola 3,000. Si utajiri, lakini ni mabati, misumari na saruji ya kuanzia, na udongo wa matofali tunao wenyewe. Mfuko huo una kamati ya kuutunza na kamati nyingine ya kuuangalia. Mwenye kuhesabu magogo ndiye anayejua fedha. Basi mwanakijiji asiyehesabu magogo atapokea atakachopewa, na kushukuru.

Wenzetu wa Lualaba wanaofanya kazi katika shaba na kobalti wanajua habari hii kwa upande wao. Sheria ya migodi ya 2018 inatoa 15 kwa mia ya ushuru wa madini kwa komini, sekta au sheferi yenye mgodi. Nao hawaachi kuuliza zimekwenda wapi.

Mtatuambia: lakini Kinshasa imeleta mpango wa teritwari 145, na shule ziko ndani. Ni kweli, na kila darasa litakalomalizika tutalipokea kwa mikono miwili. Ila jengo lililoamuliwa mbali hutengenezwa mara moja. Baada ya miaka kumi, likivuja, aliyelijenga hayupo.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mwaka 1957 Wabelgiji waliwapa watu wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville ruhusa ya kuchagua washauri wa komini, na mwaka 1958 ikawa zamu ya Stanleyville, mji huu. Vijiji viliachwa. Desemba 2023, nchi ikiwa huru zaidi ya miaka 60, uchaguzi wa washauri wa komini ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo, na sekta na sheferi zikaachwa tena. Sheria inasema kila sekta iwe na baraza lake la kupitisha bajeti. Isangi haikulichagua. Basi fedha inaingia, fedha inatoka, na hakuna mtu aliyetumwa na wazazi kuuliza, "Darasa liko wapi?"

Tunadai uchaguzi huo. Lakini watoto hawawezi kukaa juu ya vigogo wakiungoja. Kwa hiyo ninyi mnaotuma fedha nyumbani, tumeni na neno pamoja na fedha: kamati ya wazazi ya kila shule iende ofisi ya sekta, iombe karatasi mbili, ya bajeti ya mwaka na ya magogo yaliyokatwa, na zisomwe kwa sauti sokoni, kwa lugha ambayo mama muuza mihogo anaielewa. Zisomwe kabla ya Septemba, shule hazijafunguliwa.