Roboti, Kisu na Kifua cha Mchimbaji



Kila inapotajwa saratani ya mapafu siku hizi, hakosekani mtu wa kusema kwamba mwarobaini wake umekwisha kupatikana, nao ni roboti. Habari zimeenea kwamba katika nchi tajiri mashine humpasua mgonjwa kifua, ikatoa uvimbe, na baada ya siku chache mtu akarejea kwake akitembea. Katika ukanda wa dhahabu, tangu Kahama na Kakola mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, ambako kikohozi kimezoeleka kama vumbi lenyewe, habari hiyo huleta matumaini na manung'uniko kwa pamoja. Hapana budi jambo hili lipimwe, bila ya kuitukuza mashine na bila ya kuidharau.

Ifahamike kwanza kwamba roboti haimpasui mtu. Ampasuaye ni daktari. Huketi kando katika chumba hicho hicho mbele ya kioo kinachokuza picha, akashika vishikio kwa vidole, na kila akitendacho hutendwa na vyombo vyembamba vilivyopenyezwa kifuani mwa mgonjwa kwa matundu machache madogo. Marekani iliruhusu mashine ya namna hiyo, iitwayo da Vinci, mwaka 2000. Upasuaji wa kufungua kifua ni wa zamani zaidi. Mwaka 1933, katika mji wa St. Louis, daktari Evarts Graham alimwondolea mgonjwa wa saratani pafu zima kwa mara moja. Mgonjwa yule, ambaye naye alikuwa daktari, aliishi miaka ipatayo 30 baada ya kupasuliwa. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji wa sigara, alifariki mwaka 1957 kwa saratani hiyo hiyo ya mapafu.

Tofauti kubwa baina ya njia hizi mbili imo katika mbavu. Katika njia ya kufungua, mgonjwa hulazwa ubavu, akakatwa tangu karibu na ncha ya mfupa wa bega kuzunguka hadi chini ya titi; misuli hukatwa au husogezwa, na mbavu hutanuliwa kwa chombo cha chuma ili mikono ya mpasuaji ipate kuingia. Chuma hicho hukandamiza mishipa ya fahamu ipitayo chini ya kila ubavu, na ndiyo sababu wako wanaopata maumivu kwa miezi mingi baada ya kidonda kupona. Kwa karani aketiye mezani hilo ni taabu yenye kuvumilika. Kwa mtu ambaye riziki yake yote imo katika nyundo na moko, bega lisiloinuka ni njaa nyumbani. Faida ya matundu madogo, kwa hiyo, si anasa ya matajiri, na anayeibeza hajapata kumwona mchimbaji akijaribu kuvuta kamba ya ndoo kwa mkono mmoja.

Faida hiyo imepimwa. Huko Uingereza wagonjwa 503 katika hospitali 9 waligawanywa kwa kura, baadhi wafunguliwe kifua na wengine wapasuliwe kwa matundu na kamera bila ya roboti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba wale wa matundu walikuwa na nguvu zaidi za kufanya shughuli zao baada ya wiki 5, wakaumwa kidogo zaidi, na wakatoka hospitali mapema kwa siku moja hivi. Lakini katika kuiondoa saratani yenyewe hapakuonekana tofauti. Roboti nayo hutoa faida ya namna hiyo hiyo inapolinganishwa na kisu cha wazi. Ikilinganishwa na kamera ya kawaida, ubora wake ni mdogo na gharama yake ni kubwa. Mashine moja hugharimu yapata dola milioni 2 za Marekani, mbali na matengenezo ya kila mwaka, na vyombo vyake hukataa kufanya kazi baada ya kutumika idadi ya mara iliyopangwa na kiwanda. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliwatahadharisha madaktari na wagonjwa kwamba haijathibitika kuwa roboti inarefusha maisha ya mgonjwa wa saratani kuliko upasuaji mwingine.

Hapo ndipo kifua cha mchimbaji wa Geita kinapoingia katika hesabu. Watafiti waliopima hewa katika machimbo ya wachimbaji wadogo wilayani Geita, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikuta kwamba vumbi la silika analovuta mtu anayechoronga mwamba chini ya ardhi lilikuwa wastani wa miligramu 16.85 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango kilichopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini ni miligramu 0.05, yaani mchimbaji yule alivuta zaidi ya mara 330 ya kipimo hicho. Vumbi la silika hufanya makovu katika mapafu, hukaribisha kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeliweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sigara, ambayo ndiyo kisababishi kikuu duniani kote, ikiongezwa juu yake, hatari huzidi maradufu.

Mapafu ya mtu huyu hayafanani na yale yanayoonyeshwa katika picha za matangazo ya mashine. Kifua kikuu cha zamani huyagandisha mapafu kwenye ukuta wa kifua. Silika huzigeuza tezi zilizo kwenye shina la pafu kuwa ngumu kama kokoto, zikashikamana na mishipa mikubwa ya damu. Mpasuaji anayejaribu kuzibandua kwa vyombo vyembamba aghalabu hulazimika kuacha matundu na kufungua kifua, na mshipa ukichanika hufungua kwa haraka kubwa. Basi hata hospitali yenye roboti haiwezi kumhudumia mchimbaji bila ya daktari aliyebobea katika njia ya zamani. Anayedhani kwamba mashine itaondoa haja ya kufundisha wapasuaji wa kifua amekosea tangu mwanzo.

Kadhalika yapo mahitaji ambayo njia zote mbili huyategemea sawasawa: mashine ya CT inayofanya kazi na mtu wa kuisoma, mtaalamu wa patholojia wa kuchunguza kinyama, mtaalamu wa usingizi anayejua kulifanya pafu moja lipumue huku jingine limelala, chumba cha wagonjwa mahututi, na wa kumfundisha mgonjwa kukohoa na kuinua mkono tena. Fedha inayowekwa hapo humfaa mgonjwa wa kisu leo na mgonjwa wa roboti kesho.

Lakini kisu na roboti vyote huja baada ya jambo lingine, nalo ni wakati. Saratani ya pafu ikikutwa ingali ndogo na ikaondolewa, zaidi ya nusu ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka 5; ikikwisha kusambaa mwilini, ni yapata mmoja kwa kumi hata katika nchi tajiri, na upasuaji wa aina yoyote huwa hauna kazi tena. Katika machimbo, mtu akikohoa husemwa ni vumbi, akikonda husemwa ni kifua kikuu. Mara nyingi ni kweli. Dalili zinafanana mno, na hata kivuli katika picha ya eksirei chaweza kumdanganya mtu mwenye ujuzi. Kosa huanza pale ambapo mtu aliyepewa dawa za kifua kikuu pasipo vijidudu kuonekana katika makohozi yake amemaliza miezi 6, bado anakohoa, bado anakonda, naye akaanzishiwa dawa zile zile upya.

Ndugu walimu wana nafasi hapa isiyoshikwa na daktari yeyote. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili malaria na vyoo, na waliosoma kidogo wakawasomea wasiojua. Leo mwalimu wa Rwamagasa huwaona akina baba wa wanafunzi wake kila wiki, hujua nani ameacha kwenda duarani kwa sababu ya pumzi, na barua ya rufaa huletwa kwake asomewe mwenyewe. Nao watumishi wa wilaya ndio wanaoshika mihuri na fomu. Mchimbaji mdogo hana mwajiri wa kumwandikia barua, na mara nyingi hana bima, ingawa Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Karatasi yake ikikaa wiki tatu katika trei, uvimbe hausubiri.

Safari yenyewe imefupika. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limewaondolea watu wa Geita foleni ya kivuko wanapokwenda Bugando, Mwanza. Anayevuka daraja hilo kwa ajili ya kifua chake na achukue eksirei zake zote za zamani, hata ile ya miaka miwili iliyopita iliyofungwa kwenye gazeti, kwa kuwa daktari akiziweka sambamba ataona kama kivuli kimekua.